Paneli mbili zilizokufa sitahani: uchambuzi wa kisa cha mashua ya mita 11

Chombo ni mashua ya matanga ya mlingoti mmoja, urefu mita 11. Juu ya paa la chumba palikuwa na paneli mbili laini za sola, wati 100 kila moja, zimegandishwa kwa gundi moja kwa moja kwenye sitaha. Ziliungwa mfululizo na kuingia kwenye kidhibiti chaji kimoja cha aina ya MPPT, kinachotafuta volti ambazo paneli hutoa nguvu nyingi zaidi. Betri ni za asidi, ampea-saa 220 kwa volti 12. Miezi 18 baada ya kufungwa, friji ilianza kuzimika alfajiri. Mchana wa jua kali kidhibiti kilisoma wati 45, mahali ambapo hata kwa joto la sitaha pangepaswa kusomwa 150 hivi.

Swali la mwenye mashua lilikuwa moja: anunue paneli laini za kampuni gani ili zisife tena? Hapo ndipo wengi hukosea. Jina la kampuni ni swali la mwisho. Kabla yake kuna mahali paneli itakapokaa, kiasi cha umeme kinachohitajika, na sababu halisi iliyoziua za kwanza. Asiyejua kilichoua paneli ya kwanza ataiua na ya pili, hata iwe bora namna gani.

Kilichopatikana kwenye vipimo

Kwanza paneli zilifunikwa kwa blanketi zito, kisha viunganishi vikafunguliwa. Usivute kiunganishi wakati mkondo unapita: umeme wa moja kwa moja (DC) hufanya cheche ndefu inayounguza pini. Baada ya hapo kila paneli ilipimwa peke yake, saa 6 mchana, anga ikiwa safi.

Paneli ya upande wa omo (mbele): lebo inasema volti 21.5 bila mzigo. Paneli ikiwa imepata moto tungetegemea 19 hivi. Multimita ilisoma 9.6. Mkondo wa kushoti, yaani ncha mbili za paneli zikigusanishwa moja kwa moja, ulikuwa ampea 5.3, karibu na ule wa lebo, 5.9. Volti zikishuka kwa nusu kamili namna hii huku mkondo ukiwa mzima, mshukiwa ni dioda ya kukwepesha, kijidude kinachoupa mkondo njia ya pembeni seli zikifunikwa na kivuli. Paneli ya seli 36 kwa kawaida huwa na dioda mbili, kila moja ikilinda seli 18. Dioda ikifa kwa kushoti, seli zake 18 haziwi na faida yoyote.

Paneli ya upande wa tezi (nyuma) ilidanganya zaidi. Volti 19, ampea 5.0 kwa kushoti: mtu angesema ni nzima. Lakini ilipopewa mzigo wa taa ya gari ya wati 55, volti zilianguka hadi 8. Paneli nzima ya ukubwa huo ingeshikilia 12 au zaidi kwa taa hiyo. Maana yake ndani kuna upinzani: mkondo unapita pale njia ikiwa wazi kabisa, ila ukidai kazi nguvu inapotea njiani. Boksi la nyaya lilipofunguliwa, maungio ya lehemu yalikuwa na kutu ya kijani na plastiki iliyozunguka imegeuka kahawia. Ndiyo maana vipimo viwili vya kawaida, volti bila mzigo na mkondo wa kushoti, havitoshi kuihukumu paneli iliyozeeka. Kipimo cha tatu ni mzigo, na balbu ya gari inatosha.

Kwa nini zilikufa

Boriti ya tanga kuu, nguzo ya mlalo inayoshika ukingo wa chini wa tanga, hupita juu ya paa la chumba. Mashua ikiwa imetia nanga, kivuli chake kilikuwa kikitambaa juu ya paneli ya omo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, karibu kila siku. Seli ikifunikwa na kivuli haiwezi kupitisha mkondo wa wenzake, hivyo dioda hufunguka na kuubeba. Ampea 5 zikipita kwenye dioda inayokula nusu volti ni wati 2.5 za joto ndani ya boksi dogo la plastiki. Boksi hilo liligandishwa juu ya sitaha inayoungua jua. Dioda iliwekwa kwa ajili ya dharura ya kivuli cha kupita, nayo ikafanywa kazi ya kila siku bila pumzi ya hewa.

Joto lilifanya na mengine. Paneli hupimwa kiwandani kwa mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Seli za silikoni za kawaida hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya hapo. Paneli iliyogandishwa bila nafasi chini yake hufika nyuzi 75 kwa urahisi: nyuzi 50 za ziada, asilimia 17.5 ya nguvu imekwenda hata kabla ya kivuli na chumvi. Uso wake ulikuwa wa plastiki ya PET, ambayo jua huifanya ya njano na kuipasua nyufa ndogo zinazoingiza unyevu. Kisha watu walizikanyaga. Muuzaji anaposema paneli laini inakanyagika, anamaanisha haitavunjika mbele ya macho yako. Seli ndani yake ni vipande vyembamba vya silikoni, na utepe wa lehemu unaoziunga huchoka kila inapopindwa.

Kwa hiyo si kweli kwamba kampuni ile ilitengeneza takataka. Paneli ilikuwa ya daraja la chini, sawa, lakini hata nzuri ingeteseka pale.

Hesabu ambayo haikufanywa mwanzo

Matumizi ya siku moja mashua ikiwa kwenye nanga yaliandikwa kifaa kwa kifaa. Friji yenye kompresa ya volti 12 hula ampea 4.5 inapofanya kazi, na katika bahari ya joto hufanya kazi nusu ya muda: ampea-saa 54. Skrini ya ramani, saa 8, ampea-saa 10. Simu na kompyuta, 12. Taa za LED za ndani, 5. Redio ya mawasiliano ya VHF ikisikiliza tu, 5. Pampu ya maji, 2. Taa ya nanga usiku kucha, 2. Jumla ampea-saa 90, yaani wati-saa 1080 hivi. Friji peke yake ni zaidi ya nusu, jambo la kawaida, na anayetaka kupunguza gharama ya sola aanze kwa kuongeza unene wa kuta za friji.

Upande wa mapato: mahali penye saa 5 za jua kamili (wati 1000 kwa mita ya mraba) kwa siku, paneli iliyolala bapa chomboni hutoa takriban asilimia 65 ya kile lebo inachoahidi, baada ya joto, uchafu, pembe mbaya na upotevu wa nyaya. Wati moja ya lebo inaleta wati-saa 3.25. Betri za asidi nazo hazirudishi zote unazozipa. Hesabu asilimia 85. Basi 1080 gawanya kwa 0.85 ni 1270, gawanya kwa 3.25 ni wati 391. Jibu ni wati 400.

Wati 200 zile, zikiwa mpya na bila kivuli, zingeleta 650. Mashua ilikuwa ikiishi kwa deni tangu siku ya kwanza, na deni hilo lililipwa na betri. Betri ya asidi isiyofika kujaa kwa wiki nyingi hujenga fuwele ngumu za salfeti kwenye sahani zake. Hili lilipaswa kupimwa kabla ya kununua paneli yoyote, kwa sababu betri iliyokufa huifanya paneli nzima ionekane mbovu: volti hupanda haraka hadi 14.4, kidhibiti hudhani imejaa, na saa 4 asubuhi wati zinashuka huku jua likiwaka. Mwenye chombo huona wati 30 na kulaumu sola.

Betri zilijazwa kwa chaja ya nje usiku kucha, zikapumzishwa, kisha zikatolewa ampea 11 mfululizo hadi volti 10.5. Betri nzima za ampea-saa 220 zingechukua saa 20. Hizi zilichukua saa 9. Hidromita, inayopima uzito wa asidi, ilionyesha 1.200 kwenye baadhi ya vyumba vya betri, ambapo iliyojaa husoma 1.265 au zaidi. Zilihitaji kubadilishwa, na fedha ya betri ikaingizwa kwenye bajeti ya kazi hii pamoja na paneli.

Mahali kabla ya paneli

Njia rahisi kuliko zote haina kompyuta: kata makatoni ya ukubwa wa paneli, yaweke pale unapofikiria, na upige picha saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, mashua ikiwa kwenye nanga kama inavyokaa siku zote. Paa la chumba lilikuwa na kivuli katika picha mbili kati ya tatu. Juu ya tezi, nyuma kabisa ya boriti, katoni lilikuwa safi katika picha zote isipokuwa ya jioni, ambapo mlingoti ulitupa mstari mwembamba.

Uamuzi ukawa fremu ya mabomba ya chuma cha pua, kipenyo milimita 32, juu ya tezi. Fremu ya aina hii haihesabiwi kwa uzito wa paneli tu. Upepo wa noti 50 (kilomita 93 hivi kwa saa) unasukuma kwa takriban paskali 400; kwa mita 2 za mraba za paneli zikiinuliwa na upepo, ni nguvu ya uzito wa kilo 80 hivi ikivuta juu na nyuma. Miguu ya fremu ilifungwa kwa boliti zinazopita sitahani, zikiwa na bamba upande wa chini. Skrubu za mbao hazifai hapa.

Matoleo manne ya wauzaji mezani

Toleo la kwanza lilikuwa paneli nne laini za wati 100, uso wa plastiki ya ETFE, ambao hustahimili jua vizuri kuliko PET. Zina kazi yake: juu ya turubai la kivuli, au kwenye kiboti ambacho kilo 20 juu zingekiyumbisha. Kwa chombo hiki chenye nafasi ya fremu hazikuwa na sababu. Waranti zake kwa kawaida ni za miaka michache tu, na za kioo hufika miaka 10 hadi 25. Mtengenezaji anajua anachokiuza; soma tofauti hiyo kama kauli yake. Anayelazimika kuzitumia aziweke juu ya karatasi ya polikaboneti yenye mirija ndani, hewa ipite chini, na boksi la nyaya lipate nafasi yake.

Toleo la pili liliandikwa wati 300, kwa kipimo cha mita 0.90 kwa 0.55. Hili lilikataliwa kwa kalamu tu. Eneo ni mita 0.495 za mraba. Jua kamili linaloangukia hapo ni wati 495. Wati 300 ni asilimia 60, na paneli nzuri za sokoni ziko kati ya asilimia 20 na 23. Ukweli wake ni kama wati 100. Fanya hesabu hii kwa kila paneli: urefu mara upana kwa mita, mara 220. Lebo ikizidi hapo kwa mbali, ondoka. Angalia pia kama volti za kazi mara ampea za kazi zinatoa wati zilizoandikwa. Lebo za uongo mara nyingi hujipinga zenyewe.

La tatu lilikuwa paneli moja kubwa ya nyumba, wati 410, mita 1.72 kwa 1.13, kilo 21. Hii ni mshindani wa kweli, na kwenye vyombo vingi ndiyo tungeichukua. Bei kwa wati huwa ya chini, na volti zake za kazi ni 31 hivi. Hizo volti zina maana: paneli ya volti 18 ikipata moto hushuka hadi 15, na betri inataka 14.4, kwa hiyo MPPT inabaki na nafasi ndogo sana ya kufanyia kazi. Kwa seli zilizokatwa nusu, paneli kubwa pia imegawanyika sehemu mbili sambamba, hivyo kivuli cha upande mmoja hakiiui yote.

Lililochaguliwa ni la nne: paneli mbili za kioo za wati 200, mita 1.48 kwa 0.67, kilo 11.5 kila moja, volti za kazi 20, ampea 10. Hesabu ya eneo inatoa asilimia 20, inaaminika. Sababu ya kuzipendelea kuliko ile kubwa ni moja: kila paneli ilipewa kidhibiti chake, cha volti 75 na ampea 15. Ikifa moja, au kidhibiti kimoja, friji bado inapata nusu ya umeme. Kwenye chombo kinachokwenda mbali, hilo lina thamani kuliko punguzo la bei. Na mstari wa kivuli cha mlingoti jioni ukigusa paneli moja, ya pili haijui.

Nyaraka zilizodaiwa kwa muuzaji: IEC 61215, inayohusu uimara wa paneli; IEC 61730, usalama; na IEC 61701, ukungu wa chumvi. Hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa na ndiyo inayoihusu bahari. Neno “marine” kwenye tangazo si cheti. Cheti lazima kitaje modeli ileile iliyo kwenye lebo nyuma ya paneli, herufi kwa herufi, pamoja na ukali wa jaribio. Halafu soma waranti hadi sehemu ya yasiyohusika: nyingi hukataa paneli zilizofungwa kwenye vyombo vinavyotembea au karibu na maji ya chumvi, na baadhi hukataa ukitoboa fremu. Muuzaji mmoja alipoulizwa hili kwa maandishi hakujibu. Kwa ununuzi huu hilo lilikuwa jibu tosha.

Siku ya kupokea

Paneli zilifunguliwa mbele ya mleta mzigo, kabla ya kusaini. Kioo kilitazamwa kwa pembe ya chini ili nywele za nyufa zionekane, na karatasi ya nyuma ikakaguliwa mikwaruzo, kwa kuwa mkwaruzo mmoja unaofika ndani ni mlango wa maji. Namba za mfululizo zililinganishwa na karatasi za vipimo vya kiwandani. Kisha zote mbili zikawekwa juani, pembe moja, dakika moja. Paneli pacha zinapaswa kukaribiana kwa asilimia 3 kwenye volti na kwenye ampea. Zikitofautiana zaidi, geuza nafasi zake na upime tena. Tofauti ikihama na paneli, rudisha iliyo chini. Multimita nyingi za kawaida huishia ampea 10, na paneli hizi hutoa 10.6 kwa kushoti, kwa hiyo tumia mita ya kubana, ile inayoukumbatia waya kwa nje.

Nyaya, na yanayoharibika polepole

Kutoka fremu hadi kidhibiti ni mita 6, kwenda na kurudi 12. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba na ampea 10, volti 0.84 zinapotea, zaidi ya asilimia 4. Kwa milimita 6 ni volti 0.35, chini ya asilimia 2. Ulitumika wa milimita 6, shaba iliyopakwa bati, kwa sababu shaba tupu baharini huwa nyeusi ndani ya ganda lake hadi mita nzima kutoka kwenye ncha. Fyuzi ya ampea 20 iliwekwa kwa kila kidhibiti, ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Betri huunganishwa kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume chake.

Viunganishi vya MC4, vile vya kawaida vya nyaya za sola, visichanganywe vya watengenezaji wawili hata kama vinaingiana kwa mlio mzuri. Mgusano ukiwa hafifu unapata joto na kuyeyuka. Acha kila waya ufanye kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia sitahani ili maji yadondoke pale. Fremu ya alumini ikigusana na boliti za chuma cha pua kwenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa: ziliwekwa washa za nailoni na mafuta mazito ya kuzuia kutu, kwenye matundu ya kiwandani tu. Vidhibiti viliwekwa mbali na dira na redio, na nyaya chanya na hasi zikasokotwa pamoja, la sivyo dira hupotoka jua linapochomoza na VHF hupata mvumo.

Betri mpya zikiwa zimefungwa na vidhibiti vimewekwa kwenye volti 14.6 za kujaza na 13.5 za kushikilia, siku za anga safi sasa zinaleta kati ya wati-saa 1250 na 1400. Siku ya mawingu mazito ni 400, na siku mbili za namna hiyo mfululizo bado zinalazimisha injini iwashwe saa moja. Kila baada ya miezi 6 paneli zinaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, viunganishi vinashikwa kwa mkono saa 6 mchana kutafuta kilicho moto kuliko wenzake, na wati za vidhibiti viwili zinasomwa kwa pamoja asubuhi, kabla betri hazijajaa. Vikitofautiana bila kivuli, tafuta kwanza kwenye kiunganishi, kisha boksi la nyaya, na paneli yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa.